Harira bila nyama: mwongozo kamili wa kupika supu nzito ya dengu na adesi

Harira ni supu ya Morocco yenye dengu, adesi, nyanya na majani mabichi ya viungo, ambayo kwa desturi huchemshwa pamoja na vipande vya nyama ya kondoo au ng'ombe na kuungwa kwa smen, yaani siagi iliyotiwa chumvi na kuhifadhiwa hadi ikachacha na kupata harufu kali. Katika mwezi wa Ramadhani ndiyo inayotangulia mezani pamoja na tende mara adhana ya magharibi inaposikika, na Wayahudi wenye asili ya Morocco nao huinywa wanapofungua mfungo wao wa Yom Kippur. Hupikwa pia magharibi mwa Algeria. Kila nyumba ina namna yake: wapo wanaotia tambi, wapo wanaotia mchele, na wapo wanaoisaga yote ikawa laini.

Mwongozo huu unahusu harira isiyo na nyama, samli wala kitu kingine chochote kitokacho kwa mnyama, lakini yenye kushibisha mtu aliyefunga kutwa nzima. Mapishi mengi ya aina hii huishia kuondoa nyama na kutumbukiza kidonge cha supu mahali pake, na matokeo yake ni maji mekundu yenye chumvi ambayo dengu zinaelea ndani yake. Kosa hilo hutokana na kutojiuliza nyama ilikuwa ikifanya nini humo sufuriani. Ilikuwa na kazi nne: mafuta yake yalibeba harufu ya viungo, mchuzi wake uliipa supu ladha nzito inayokaa mdomoni, mifupa na mishipa yake ilitoa utelezi ulioifanya supu iwe na mwili, na smen iliongeza uchachu wa mbali unaozuia supu isipooze ladha. Kila moja kati ya kazi hizo inaweza kufanywa na mimea, ila hakuna mmea mmoja unaozifanya zote, na ndiyo maana hatua zifuatazo zina mpangilio ambao si vyema kuuvuruga.

Vitu vinavyohitajika

Vipimo hivi vinatosha watu wanane. Andaa dengu kavu gramu 200, ambazo ni takriban kikombe kimoja, na adesi za kahawia gramu 100, ambazo ni kama nusu kikombe. Dengu zinazokusudiwa ni zile za mviringo zenye kincha kidogo upande mmoja, si choroko za kijani ambazo Wakenya wengi huziita ndengu. Na adesi ndizo zinazouzwa Kenya kwa jina la kamande. Dengu kubwa nyeupe ndizo zinazotumika Morocco, lakini zile ndogo za kahawia zinazolimwa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania zinafaa vilevile, ilimradi mpishi akubali kwamba maganda yake ni magumu zaidi na kwamba zitakaa motoni muda mrefu zaidi.

Nyanya ziwe kilo moja, mbivu kabisa, na pamoja nazo vijiko vitatu vya mezani vya nyanya ya kopo iliyo nzito. Tafuta vitunguu maji vikubwa viwili, mabua matatu ya seleri pamoja na majani yake, fungu moja kubwa la majani ya giligilani, na nusu ya fungu la paseli ikipatikana. Mafuta yawe ya zeituni, vijiko vinne vya mezani. Ya alizeti yanafaa, ingawa hayana harufu. Viungo vya unga ni tangawizi kijiko kimoja na nusu cha chai, manjano kijiko kimoja, pilipili manga kijiko kimoja, na mdalasini nusu kijiko. Ukiwa na zafarani, nyuzi chache zinatosha, na usipokuwa nayo usihangaike. Mwisho ni unga wa ngano gramu 80, yaani takriban theluthi mbili za kikombe, tambi nyembamba gramu 50, malimau mawili, chumvi, na uyoga mkavu gramu 10, ambao si lazima.

Soma maandishi ya pakiti ya tambi kabla ya kununua, kwa kuwa baadhi hutengenezwa kwa mayai. Anayetaka kutumia kidonge cha supu licha ya yote yaliyosemwa hapo juu asome maandishi yake kwa makini zaidi, maana hata vyenye picha ya mboga vinaweza kuwa na mafuta ya mnyama.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika

Chambua dengu kwenye sinia, uondoe vijiwe na zile zilizosinyaa, kisha uzioshe na kuziloweka katika lita moja na nusu ya maji yenye kijiko kimoja cha mezani cha chumvi. Wapo walioambiwa kwamba chumvi hufanya kunde ziwe ngumu, lakini katika maji ya kulowekea mambo huwa kinyume: chumvi huondoa sehemu ya madini ya kalisi na magnesi yanayokaza maganda, na maganda hayo huiva yakiwa laini bila kupasuka ovyo. Ziache kwa saa nane hadi kumi na mbili. Mahali penye joto kali, kama Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ni bora bakuli liwekwe kwenye friji, kwa sababu dengu zikikaa kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha huanza kuchacha na kutoa povu.

Kuchacha huko kusikotakiwa kwenye dengu ndiko kunakotafutwa kwenye unga. Koroga unga wa ngano katika maji mililita 250 hadi madonge yote yaishe, funika bakuli kwa kitambaa, na uliache juu ya meza ya jikoni hadi kesho. Mchanganyiko huu huitwa tadouira, na wapishi wa Morocco wenye kufuata njia ya zamani huuandaa hivi hivi, siku moja kabla, ili upate uchachu. Kufikia asubuhi utakuwa na viputo vidogo juu na harufu ya togwa iliyoanza kukolea. Maji yatakuwa yamejitenga na unga chini, jambo ambalo ni la kawaida. Ukiona rangi ya waridi au ukungu, mwaga. Katika harira ya nyama, tadouira isiyochachuka inavumilika kwa kuwa smen ipo. Katika harira ya mimea tupu, uchachu huu ndio pekee unaoshika nafasi ya smen, kwa hiyo mpishi aliyekosa muda wa kulala na unga wake afadhali aongeze limau mwishoni kuliko kujidanganya kwamba hakuna kilichopungua.

Kuchemsha dengu na adesi

Mwaga maji ya kulowekea, suuza dengu, na uzitie katika sufuria kubwa yenye lita mbili na nusu za maji mapya. Zikichemka, engua povu la juu kwa upawa, punguza moto hadi maji yawe yanatokota polepole, na ufunike ukiacha mwanya. Dengu nyeupe zilizolowekwa vizuri huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Za kahawia huweza kufikia saa mbili, na kwa mpishi wa Nairobi, ambako mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 na maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, muda huo utaongezeka bado. Sufuria ya presha humaliza suala hilo kwa takriban dakika ishirini.

Magadi hulainisha kunde upesi, na kwa dengu zilizokaa ghalani muda mrefu, hasa katika hewa ya joto na unyevu, huenda ndiyo njia pekee. Hata hivyo kiasi kiwe kidogo sana, kama robo ya kijiko cha chai cha magadi ya unga ya dukani kwa kiasi hiki cha dengu, na kitiwe kwenye maji ya kulowekea ambayo yatamwagwa. Magadi yakizidi kwenye maji ya kupikia, supu itakuwa na ladha ya sabuni, na sehemu kubwa ya vitamini B1 iliyomo kwenye dengu itaharibika.

Kipimo cha kuiva si saa ya ukutani. Toa dengu tatu kutoka sehemu tofauti za sufuria, zipoze, na uiminye kila moja kwa ulimi dhidi ya kaakaa: inapaswa ibonyee bila meno na isiache punje ya unga mkavu katikati. Moja ikikataa, endelea. Jambo hili lina uzito kwa sababu baada ya hapa dengu zitaingia kwenye nyanya, na asidi ya nyanya huzuia maganda na nyama ya kunde kulainika zaidi. Dengu iliyoingia nusu mbichi itabaki nusu mbichi hata ukiipika hadi usiku wa manane, na hii ndiyo sababu ya malalamiko mengi kuhusu dengu zisizoiva ambazo watu huzilaumu bure.

Dengu zikikaribia kuiva, osha adesi na uzitie humo humo. Hazihitaji kulowekwa. Baada ya dakika ishirini na tano hivi zitakuwa laini lakini bado nzima.

Sasa ndipo panapotengenezwa ule mwili ambao mifupa ingeuleta. Chota kikombe kimoja na nusu cha dengu pamoja na maji kidogo, uziponde kwenye kinu au uzisage kwenye blenda hadi ziwe rojo, kisha urudishe rojo hilo sufuriani. Mpishi mwenye subira anaweza kwanza kumenya dengu zilizobaki, kama wafanyavyo wapishi wengi wa Morocco: dengu huminywa kati ya kidole gumba na cha shahada, na punje huchomoka ikiacha ganda mkononi. Ni kazi ya kuchosha, na kwa chakula cha siku za kawaida inaweza kuachwa. Kwa wageni, tofauti huonekana. Maji ya dengu yasimwagwe hata tone. Yamebeba wanga na protini iliyotoka kwenye punje, na ndiyo mchuzi wa supu hii.

Kuunga

Wakati dengu zinachemka, weka sufuria nyingine nzito kwenye moto mdogo na utie mafuta. Katakata vitunguu vidogo vidogo, uvikaange pamoja na chumvi nusu kijiko cha chai kwa muda wa dakika kumi na tano, ukigeuza mara kwa mara, hadi viwe vimenywea na kuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea. Usiharakishe hatua hii kwa moto mkali. Vitunguu vilivyoungua pembeni na kubaki vyeupe katikati huleta uchungu, na supu isiyo na nyama haina pa kuuficha.

Vitunguu vikiwa tayari, nyunyizia tangawizi, manjano, pilipili manga na mdalasini, ukoroge kwa nusu dakika ndani ya mafuta. Harufu za viungo hivi huyeyuka zaidi katika mafuta kuliko katika maji, na ndiyo sababu havitiwi baadaye kwenye mchuzi. Mara harufu inapopanda, tia nyanya ya kopo na uisambaze chini ya sufuria kwa mwiko. Iache ishike kidogo, ikwangue, iache tena. Itaanza na rangi nyekundu ya kung'aa, kisha itageuka kuwa nyekundu ya tofali, na mafuta yataanza kujitenga pembeni yakiwa na rangi ya machungwa. Hapo harufu ya ubichi wa kopo itakuwa imekwisha na badala yake utasikia harufu ya kitu kilichookwa. Huchukua dakika tano au sita. Nyanya ni miongoni mwa mimea yenye glutameti nyingi, kemikali ile ile inayofanya mchuzi wa nyama uwe mtamu, na kuikaanga namna hii huizidishia ukali. Uyoga mkavu, ukiwa umelowekwa kwenye maji moto na kukatwakatwa, hutiwa sasa pamoja na maji yake yaliyochujwa, kwa kuwa ladha yake na ile ya nyanya zikikutana husukumana juu. Uyoga haumo kwenye harira ya asili, na anayetaka kubaki karibu na Morocco aache.

Nyanya mbichi zikatwe katikati na kukwaruzwa kwa chombo cha kukwaruzia karoti hadi ganda libaki mkononi. Tia rojo lake kwenye sufuria pamoja na seleri iliyokatwa ndogo ndogo na theluthi mbili za giligilani na paseli, mashina yakiwemo, kwa kuwa mashina ya giligilani yana ladha kuliko majani. Majani ya seleri ni ya lazima. Ndiyo yanayoitambulisha harira puani kabla haijafika mdomoni, na bila hayo utakuwa umepika supu nzuri ya dengu yenye nyanya. Acha mchanganyiko utokote dakika kumi na tano, kisha mimina dengu, adesi na maji yake yote. Kiasi cha maji kikiwa chini ya lita mbili, ongeza maji ya moto. Tia zafarani na chumvi vijiko viwili vya chai, na uache vizoeane kwa moto mdogo dakika ishirini.

Baadhi ya wasomaji wa pwani watauliza kuhusu tui la nazi. Tui linalainisha, lina mafuta, na lipo jikoni tayari. Lakini likiingia hapa linazima nyanya na limau, na harira inakuwa kitu kingine. Mwenye hamu ya nazi apike mbaazi za nazi, ambazo zimekuwa chakula cha mimea tupu tangu zamani bila kuhitaji kurekebishwa na mtu.

Kufunga supu

Koroga tadouira upya ili unga ulioshuka chini uchanganyike, na uipitishe kwenye chujio ikiwa ina madonge. Ongeza upawa mmoja wa mchuzi wa moto kwenye bakuli, koroga, kisha imimine sufuriani kwa mkondo mwembamba huku mkono wa pili ukikoroga bila kusita. Usiitie yote. Mimina robo tatu, subiri supu ichemke tena, ndipo uamue kuhusu kilichobaki, kwa sababu unga hauonyeshi nguvu zake zote hadi uchemke. Uzito unaotakiwa ni wa uji mwepesi wa kunywa kikombeni: supu ipake mgongo wa upawa, lakini iteleze yenyewe ukiuinamisha.

Kuanzia hapa sufuria haiachwi peke yake, maana unga hukaa chini na kushika, na harufu ya kuungua huenea supu nzima. Pika dakika kumi kwa moto mdogo ili ladha ya unga mbichi iishe, kisha vunjavunja tambi na uzitie, upike dakika nyingine tano au sita. Zima moto. Tia maji ya limau moja na majani ya giligilani yaliyobaki, koroga, onja, na urekebishe chumvi. Limau likitiwa mapema ladha yake huchemka na kupotea, na pia vitamini C iliyomo, ambayo humsaidia mlaji kufyonza madini ya chuma ya kwenye dengu na adesi, hupungua kwa moto. Kwa sababu hiyo hiyo, chai ya rangi iliyokolea afadhali isubiri saa moja baada ya chakula, kwa kuwa tanini zake huzuia ufyonzwaji huo.

Ukionja na kuhisi kwamba supu ni nzito lakini bapa, ongeza limau kabla ya kuongeza chumvi. Ikiwa chachu mno, kwa kawaida nyanya hazikuiva, na nusu kijiko cha sukari kitatosha. Ikiwa nyepesi na tadouira imekwisha, usikimbilie kutia unga mkavu, utapata madonge. Saga kikombe kingine cha supu yenyewe na uirudishe.

Kuandaa mezani

Harira huliwa ikiwa moto sana, kwenye bakuli dogo, na vipande vya limau pembeni, tende na mkate. Huko Morocco huandamana pia na chebakia, vitafunio vya ufuta vilivyokaangwa na kuchovywa kwenye asali, na mara nyingi na mayai ya kuchemsha yaliyonyunyiziwa bizari nyembamba. Mayai hayana nafasi katika mlo huu, na wasiokula asali wanaweza kupika kaimati na kuzichovya kwenye shira ya sukari, mradi hamira ndiyo iliyoumua unga wala si maziwa ya mtindi. Katika futari yenye muhogo, magimbi na ndizi, harira inachukua mahali pa uji wa pilipili manga. Viwili hivyo kwa pamoja ni vingi mno kwa tumbo lililofunga.

Kwa upande wa lishe, gramu 100 za dengu au adesi zilizopikwa zina protini ya karibu gramu 9. Protini ya kunde ina upungufu wa methionini, ambayo ngano inayo ya kutosha, na ngano ina upungufu wa lisini, ambayo kunde zinayo kwa wingi. Tambi, unga na mkate vinakamilisha hesabu. Kisichopatikana hapa ni vitamini B12, na anayeacha vyakula vyote vya wanyama kwa muda mrefu anapaswa kuitafuta kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa virutubisho.

Atakayekosa dengu na kutumia maharage mekundu badala yake azingatie kwamba maharage mabichi yana sumu inayosumbua tumbo. Yalowekwe angalau saa tano, maji yamwagwe, na yachemshwe kwa mchemko mkali kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto.

Supu iliyobaki ipozwe na kuingizwa kwenye friji ndani ya saa mbili, ambamo itakaa siku tatu hadi nne na kuganda kidogo. Wakati wa kuipasha, ongeza maji nusu kikombe kwa kila vikombe viwili vya supu na ukoroge kwa moto mdogo. Kwa anayepika nyingi ili aweke kwenye friza kwa ajili ya Ramadhani, ni vyema agandishe supu kabla ya kutia tadouira, tambi na limau. Tambi zilizogandishwa huvurugika, na unga hujitenga na maji. Msingi huo, ukigandishwa kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja, hudumu miezi mitatu bila kupoteza ladha, na siku ya kuula hubaki kazi ya nusu saa: kuyeyusha, kufunga kwa tadouira iliyolala usiku uliotangulia, kutia tambi, na kukamua limau.